Shingo na Mikono: Pale Vazi Kavu la Kuzamia Linapovuja

Vazi kavu la kuzamia halimkingi mzamiaji na baridi kwa kitambaa chake pekee. Kinachomkinga ni hewa iliyonaswa kati ya ganda la nje lisilopitisha maji na nguo nzito alizovaa ndani, na hewa hiyo hukaa mahali pake kwa sharti kwamba matundu matatu yanayobaki wazi baada ya zipu kufungwa, yaani la shingo na mawili ya mikono, yazibwe barabara. Miguu haina taabu hiyo, kwa kuwa soksi au buti huunganishwa na vazi tangu kiwandani. Shingoni na mikononi ndiko kunakokaa sili, vipande vyembamba vya mpira vinavyobana ngozi ili maji yasiingie, na ndivyo vinavyochakaa kabla ya sehemu nyingine yoyote ya vazi ambalo, likitunzwa, huweza kudumu miaka kumi na zaidi.

Anayezamia Mafia, Pemba au Watamu, ambako bahari ina joto la nyuzi 25 hadi 30 hivi, hana haja na mzigo huu. Mambo ni mengine kwa msomaji anayeishi Oslo, Glasgow au Toronto ambaye amejiandikisha katika klabu ya kuzamia ya huko. Maji ya ufa wa Silfra, katika Hifadhi ya Taifa ya Þingvellir nchini Iceland, huwa kati ya nyuzi 2 na 4 za Selsiasi mwaka mzima. Machimbo ya mawe yaliyojaa maji ya Stoney Cove, mahali panapofanyikia mafunzo mengi ya wazamiaji wa Uingereza, hushuka chini ya nyuzi 10 wakati wa baridi. Maji hupitisha joto mara 25 hivi zaidi ya hewa, kwa hiyo mkono uliolowa hadi kwenye kiwiko katika maji ya namna hiyo haukusumbui tu. Unakunyima vidole unavyovihitaji ili ufungue vali au ushike kamba. Vazi kavu huvaliwa pia katika maji yaliyochafuka, hata yakiwa ya vuguvugu, na wazamiaji wa kazi za bandarini na wa uokoaji, ambao hawaogopi baridi bali kile kilichomo majini.

Wanaonunua vazi la kwanza hubishana sana kuhusu sili ipi ni laini shingoni na ipi haikwaruzi. Hayo ni mambo ya kuzingatia, lakini mimi ningeanza kwingine. Sili zote huharibika. Kwa hiyo swali lenye uzito ni kwamba ile uliyoichagua itaharibikaje, siku hiyo utakuwa wapi, na nani ataibadilisha. Mtu anayezamia kila Jumamosi dakika kumi kutoka kwenye duka lenye fundi, na mtu aliyepanda mashua ya wiki nzima kwenda kwenye mabaki ya manowari za Kijerumani huko Scapa Flow, Uskoti, hawapaswi kuchagua kwa kigezo kimoja.

Kwanza ieleweke maji huingiaje, kwa sababu wengi hulaumu sili ambayo haina kosa. Hewa iliyomo ndani ya vazi ina shinikizo karibu sawa kila mahali, ilhali shinikizo la maji ya nje huongezeka kadiri unavyoteremka, hata katika urefu wa mwili wa mtu mmoja. Mzamiaji akisimama wima, shingo yake iko juu, mahali ambapo hewa ya ndani ina nguvu kuliko maji ya nje. Hapo hewa ndiyo hutafuta njia ya kutoka. Mikono inayoning'inia chini iko katika hali ya kinyume, maji yakiisukuma sili na kutafuta upenyo wowote. Akiinamisha kichwa ili achungulie chini ya mwamba, mambo hugeuka: shingo sasa ndiyo iko chini na maji ndiyo yanayobisha hodi. Ndiyo maana mtu huweza kutoka mkavu kabisa katika zoezi la bwawani alikosimama muda wote, kisha akalowa kifua katika mbizi ya kwanza ya kuogelea kifudifudi.

Mikononi kuna jambo la ziada. Ukikunja ngumi au kupinda kifundo cha mkono, kano huinuka na kuacha mifereji miwili mitatu kati yake, na sili yoyote iliyokaa juu ya mifereji hiyo itapitisha maji matone kwa matone. Dawa yake si kununua sili ya kubana zaidi. Ni kuivuta ipande juu kidogo, ipite mfupa unaojitokeza wa kifundo, mahali ambapo mkono una umbo la mviringo na kano hazichezi sana. Watu wenye mikono myembamba iliyokauka hupata taabu hii kuliko wanene, na kwao sili ndefu ni bora kuliko fupi.

Sili hutengenezwa kwa mpira wa aina tatu. Lateksi, ambayo ni mpira asilia, ndiyo iliyozoeleka zaidi. Hunyumbuka mara kadhaa ya ukubwa wake bila kudai nguvu, hushika ngozi vizuri, bei yake ni nafuu, na hukubali gundi. Udhaifu wake ni kwamba huzeeka hata ikiwa imetundikwa tu kabatini. Ozoni iliyomo hewani huishambulia hasa pale ilipovutwa, na kuacha nyufa ndogo zinazoonekana ukiinyoosha kwa vidole. Jua na joto huifanya ikauke au inate. Mafuta ya kujipaka, krimu ya kuzuia jua na dawa ya mbu huilainisha hadi ipoteze nguvu. Na shaba huiozesha, jambo ambalo wengi hawalijui na huviacha vifaa vya shaba nyeupe vikiwa vimelala juu yake ndani ya begi. Kwa matumizi ya kawaida, mwaka mmoja hadi miwili mitatu ndio umri wa kuitegemea. Zaidi ya hapo ni bahati, na kuna ngozi zisizoivumilia kabisa: mtu mwenye mzio wa lateksi huanza kwa kuwashwa na upele, na mzio mkali huweza kumbana pumzi. Huyo asidanganywe na sili za silikoni pekee. Achunguze pia glavu na sehemu yoyote ya kofia inayogusa ngozi.

Silikoni ni laini kuliko lateksi, haisumbuliwi na ozoni wala jua, haichochei mzio huo, na hubaki na unyumbufu wake kwa miaka. Waliovaa sili ya shingo ya silikoni kwa saa nzima mara nyingi hawarudi nyuma. Ila ina tabia mbili zinazoamua kila kitu kinachofuata. Ya kwanza ni kwamba haina ustahimilivu dhidi ya mchano: lateksi iliyokatika kidogo ukingoni huweza kukuvusha mbizi moja, lakini silikoni yenye mkato wa ukucha hupasuka hadi mwisho mara unapopitisha kichwa. Ya pili ni kwamba gundi za kawaida haziishiki. Hukubali gundi ya silikoni peke yake, nayo haishiki vizuri kitambaa cha vazi. Kwa hiyo silikoni haiwezi kugundishwa moja kwa moja kwenye vazi, na hapo ndipo mifumo ya pete ilipopata kazi.

Neopreni, mpira mnene wenye vipovu vya gesi ndani, nitaipita haraka. Ni nene, ina joto, haichaniki ovyo, na mtu anaweza kuikanyaga bila hofu. Haivutiki sana, kwa hiyo ukubwa wake unapaswa kulingana na mwili tangu mwanzo, na kadiri miaka inavyokwenda hulegea. Sili ya shingo ya neopreni hukunjwa kuelekea ndani, upande wake nyororo ukilalia ngozi, na kukunja huko si mtindo: ukingo ukielekea ndani, hewa ya vazi yenyewe huusukuma ukabane shingo. Anayesahau kuikunja hupoteza hewa na kupata maji kwa pamoja.

Mfumo wa pete kimsingi ni rahisi. Pete imara au nusu laini, mara nyingi ya poliyurithani (aina ya plastiki), hugundishwa mara moja tu kwenye kola au mwisho wa mkono wa vazi, na tangu hapo haiondolewi. Sili yenyewe imetengenezwa ikiwa na ukingo mnene unaokaa kwenye mfereji wa pete hiyo, kisha pete ya pili iliyo ngumu hubonyezwa ili ukingo ubanwe katikati. Kampuni ya SI Tech ya Sweden ndiyo iliyoeneza zaidi utaratibu huu, ikiwa na pete za shingo na za mikono, baadhi za duara na baadhi zenye umbo la yai linalofuata umbo la kifundo. Kampuni ya DUI ya Marekani ilichukua njia tofauti kwa mfumo wake wa ZipSeals, ambamo sili na vazi hushikana kwa kingo zinazoingiliana mfano wa mfuko wa plastiki wa kufungia vyakula. Katika mifumo yote hiyo sili iliyopasuka hubadilishwa kwa mikono mitupu katika dakika chache, bila gundi na bila kungoja.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko silikoni. Katika vazi la kofia ya shaba alilolitengeneza Augustus Siebe jijini London katika miaka ya 1830, kola ya vazi ilibanwa kwa vipande vya metali na nati kwenye bamba la kifua, na mikono iliishia kwenye vikuku vya mpira. Mzamiaji wa zama hizo alifanya kazi viganja vikiwa majini, jambo linalostahili kukumbukwa na wale wanaodhani kwamba bila glavu kavu, zile zisizoingiza maji, hakuna kuzamia kwenye baridi.

Pete zina gharama ambazo matangazo hayazitaji. Kila kiungo kinachoongezwa ni njia mpya ya uvujaji: kati ya kitambaa na pete, kati ya pete na ukingo wa sili, na ukiweka glavu, kati ya pete na glavu. Pete ngumu hupunguza nafasi ya kupitisha kiganja kipana, na mikononi huongeza unene unaonasa kwenye kamba za kifaa cha kuelea. Mwenye mitungi miwili mgongoni, anayelazimika kunyoosha mkono nyuma ya kichwa ili afunge vali, ajaribu mfumo huo akiwa amevaa vifaa vyote kabla ya kulipa, kwa maana pete iliyokaa vibaya humchoma kwenye mkono wa mbele na kumnyima zile sentimita mbili tatu anazozihitaji. Tena mifumo ya kampuni mbalimbali haiingiliani ovyo. Sili ya yai haikai kwenye pete ya duara, na ukubwa mmoja wa kampuni hii si lazima uwe sawa na wa kampuni ile. Ukianza na mfumo fulani, uko nao, kwa hiyo chagua ule ambao spea zake hupatikana mjini kwako.

Kinachonishangaza ni kwamba wengi huweka pete kisha hawanunui sili ya akiba. Bila spea mfukoni, mtu amelipia uzito na unene wa pete akabaki na tatizo lile lile la siku zote: siku ya mbizi imeharibika. Silikoni haizeeki upesi kwenye pakiti, hivyo sili moja ya shingo na mbili za mikono zikae kwenye sanduku la vifaa mwaka hadi mwaka. Vilevile zoezi la kubadilisha lifanyike nyumbani mara kadhaa, mezani, kabla ya kufanyika kwenye mashua inayoyumba na vidole vilivyokufa ganzi. Pete ngumu iondolewe kwa vidole gumba, si kwa bisibisi, kwani mkwaruzo mmoja kwenye mfereji utavuja milele. Mfereji ufutwe mchanga na nywele, ukingo wa sili upakwe maji ya sabuni ili uteleze, kisha upapaswe kwa kidole mzunguko mzima kuhakikisha haukujikunja popote.

Sili mpya huuzwa ikiwa ndogo kuliko inavyotakiwa, na mnunuzi huikata mwenyewe kufuata matuta au mistari iliyochorwa. Hapa haraka ni hasara, kwa sababu kilichokatwa hakirudi. Lateksi ya shingo ivutwe kwanza juu ya sufuria au mtungi wenye mzunguko wa karibu na shingo yako iachwe usiku kucha, kwa kuwa hulegea kidogo. Baada ya hapo kata tuta moja, vaa, kaa nayo robo saa, ndipo uamue kama lahitajika jingine. Mkasi uwe mkali, na mkato uwe mmoja unaozunguka bila kuinuliwa, kwani kila pembe iliyobaki ukingoni ni mwanzo wa mpasuko. Kwa mikono, chupa au kipande cha bomba kikiwekwa ndani huufanya ukingo utulie.

Kubana kupita kiasi shingoni si suala la kuvumilia. Pembeni mwa shingo, pale mishipa mikuu ya kupeleka damu kichwani inapogawanyika, kuna vihisi vya shinikizo. Vikikandamizwa, mwili huelewa kwamba shinikizo la damu limepanda, na moyo hupunguza kasi. Mtu huhisi kizunguzungu, macho huingia giza, na huweza kuzimia. Sili inayokufanya uhisi hivyo ukiwa umesimama jikoni haiendi majini. Hukatwa au hubadilishwa. Upande wa pili, shingo huonekana nene au nyembamba kulingana na mkao, kwa hiyo ijaribu ukigeuza kichwa kushoto na kulia na kukiinamisha. Ndevu, nywele za kisogoni na ukosi wa fulana ya ndani ni wavujishaji wakubwa kuliko ubora wa mpira wenyewe, kwa maana uzi mmoja wa kitambaa uliopita chini ya sili hunyonya maji kama utambi.

Katika glavu hasa ndimo elimu ya hewa inamohitajika. Glavu ya kawaida ya neopreni hulowa na kumwachia mwili kazi ya kupasha maji yaliyomo. Katika nyuzi 4 kazi hiyo humshinda baada ya muda. Glavu kavu ni ganda lisilopitisha maji, la lateksi, PVC au nitraili, lililounganishwa na mkono wa vazi, na ndani yake huvaliwa glavu ya sufu. Joto hutoka kwenye sufu na hewa, si kwenye ganda. Ndiyo maana wazamiaji wengi hutumia glavu za viwandani zilezile wanazovaa wavuvi wa bahari za kaskazini: bei yake ni ndogo, na zikitoboka hutupwa bila majuto.

Muungano wake na vazi una namna tatu. Iliyo rahisi kuliko zote ni glavu yenye sili yake, inayovutwa juu ya mkono wa vazi na kukunjwa. Ni nafuu lakini inahitaji msaidizi na humpotezea mtu subira. Ya pili ni pete mbili, moja kwenye vazi na moja kwenye glavu, zinazosukumwa zikashikana kwa oringi, yaani duara jembamba la mpira linaloziba kiungo. Pete za alumini za KUBI, kwa mfano, hufungwa kwenye sili ya lateksi iliyopo bila gundi. Ya tatu ni pete za kuzungusha na kukaza, za tangu enzi za mavazi mazito ya mpira, ambazo hazifunguki kwa bahati mbaya ila huwa nene. Katika namna hizi mbili za pete, oringi ndiyo roho ya mfumo: unywele mmoja au punje moja ya mchanga juu yake hutosha kuleta maji. Ipakwe grisi ya silikoni kidogo tu, na grisi hiyo isigusane na sehemu itakayokuja kugundishwa.

Sasa hewa. Ukishuka mita 10 shinikizo huwa maradufu na hewa iliyofungiwa ndani ya glavu hubaki nusu. Kwenye mita 30 hubaki robo. Ikiwa hakuna njia ya hewa ya vazi kuingia kwenye glavu, ganda litajikunja na kubana viganja hadi vikose damu na sufu igandamizwe isiwe na faida, na mkono utakuwa baridi kuliko ndani ya glavu ya neopreni. Kwa hiyo wazamiaji hupitisha kitu chembamba chini ya sili ya mkono: kijibomba laini cha silikoni cha urefu wa sentimita 10 hivi, kipande cha kamba kilichotolewa nyuzi za ndani, au ukosi mrefu wa glavu ya sufu wenyewe. Hewa hupita hapo, na ili ipite, kiganja huinuliwa kidogo juu ya kiwiko, kwa sababu hewa hupanda.

Ubaya wa njia hiyo ni wazi: glavu ikitoboka, maji nayo huipata. Mmoja huamua kuivumilia hatari hiyo kwa ajili ya joto; mwingine huacha sili ibane bila kijibomba, huinua ukingo wake kwa kidole kabla ya kufunga glavu ili hewa iingie, kisha haendi chini sana. Wapo wanaoondoa sili ya mkono kabisa na kutegemea pete ya glavu peke yake. Hao siwaungi mkono. Mpasuko wa kidole kimoja kwenye chuma chenye kutu cha meli iliyozama utajaza mkono wote na kuendelea, na ukiwa na sili nyuma ya glavu umepoteza kiganja tu. Kijibomba kiwe cha kuvutika, mtu aweze kukitoa akihisi glavu inaingia maji, na ncha zake zisiwe na makali.

Wakati wa kupanda hewa iliyomo kwenye glavu hutanuka. Umbo la sili ya mkono huruhusu hewa itoke kwenye vazi kuelekea kiganjani kwa urahisi kuliko kurudi, kwa hiyo bila kijibomba vidole huvimba na kuwa vigumu kukunja. Hata kikiwapo, mkono ulioinuliwa juu hunasa hewa kwenye ncha za vidole, mahali ambapo vali ya kutolea hewa ya vazi, iliyo kwenye bega la kushoto, haiwezi kuifikia. Inua kiwiko, si kiganja.

Kuna hofu moja iliyoenea ambayo inafaa iondolewe: kwamba vazi likijaa maji litamvuta mtu hadi sakafuni. Maji ndani ya maji hayana uzito. Kinachopotea ni hewa iliyokuwa ikimwelesha pamoja na joto lake, na ndiyo maana kifaa cha kuelea lazima kiwe na uwezo wa kumbeba bila msaada wa vazi. Uzito huja kwenye ngazi ya mashua, pale lita nyingi za maji zinapotaka kupanda naye. Hapo subira inahitajika, na wenzake wamsaidie huku maji yakimwagika.

Utunzaji wa kila siku hauna siri nyingi. Kabla ya kuvaa, pete za vidoleni, saa na mkufu hutolewa, kucha hukatwa, na mikono huoshwa ili mafuta yatoke. Sili ya lateksi hupakwa poda ya talki isiyo na manukato, kwa kuwa manukato hubeba mafuta, au maji ya sabuni. Silikoni hutosheka na maji ya sabuni, wala isipakwe mafuta ya silikoni, ambayo huivimbisha. Kiganja hupitishwa vidole vikiwa vimebanwa pamoja na kunyooka, na wakati wa kuvua, vidole viwili vya mkono mwingine huingizwa chini ya sili vikiwa bapa kabla ya kuvuta. Sili nyingi hupasuliwa katika kuvua, mtu akiwa amechoka na anawahi chai. Baadaye suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha kivulini, paka talki, na uhifadhi vazi mbali na jua na mota za umeme, kwa kuwa cheche za mota huzalisha ozoni. Chumba kimoja na kompresa ya kujazia mitungi ni mahali pabaya. Glavu za ndani zitolewe zikaushwe kila mara. Nyingi zinazodhaniwa kuvuja zimelowa kwa jasho tu. Ukiona unyevu umeenea sawasawa kiganja kizima, shuku jasho. Ukiona mstari wa maji kutoka kwenye kifundo kuelekea kiwiko, au kidole kimoja kimelowa na vingine vikavu, tafuta tundu.

Mwenye sili za lateksi zilizogundishwa anaweza kuzibadilisha mwenyewe akiwa mtulivu. Sili ya zamani hung'olewa kwa kupashwa joto taratibu, gundi iliyobaki hufutwa kwa asetoni, nyuso zote mbili hukwaruzwa kwa msasa laini, kisha gundi maalumu ya mpira hupakwa mara mbili kwa tabaka jembamba, kila tabaka likiachwa likauke hadi lisinate kidoleni kabla ya kukutanisha. Vazi lisitumike kwa saa 24. Kitobo kidogo katika lateksi huzibika kwa kiraka na gundi ileile ya kuzibia pancha za baiskeli, ingawa kiraka karibu na ukingo hakidumu.

Kazi ikiisha, zibeni mikono kwa chupa na shingo kwa mpira wa kuchezea unaotosha, jazeni vazi hewa hadi livimbe, kisha pakeni maji ya sabuni kila kwenye kiungo. Mapovu yakitoka kati ya sili na pete, fungueni na mpange upya. Mara nyingi ni mkunjo au unywele. Yakitoka nje ya pete, pale inapokutana na kitambaa cha vazi, sili mpya haitasaidia lolote, kwa sababu gundi ya pete yenyewe imeachia na vazi linapaswa kupelekwa kwa fundi.